Pole Uliyoniachia

Mamdogo,

Barua za nyumbani huanza kwa kuulizana hali, mwandishi akasema yeye mzima, hofu ni kwako uliye mbali, kisha ndio mambo mengine yafuate. Yako siwezi kuianza hivyo. Hofu kwako imekwisha, na hali yangu utaijua mwenyewe ukifika chini. Acha nianze na ndoto, maana wewe ndoto ulizipenda kuliko taarifa ya habari, na asubuhi kabla ya chai ulikuwa unauliza nani kaota nini humu ndani, utadhani tuko kumi, kumbe tuko wawili.

Nimekuota tena. Umekaa jikoni kwetu, hapa Thornton Heath, kwenye kile kiti chenye mguu unaoyumba, umevaa yunifomu yako ya kazini ya zambarau na kanga umejifunga juu yake. Una sinia la mchele mapajani, unachagua. Mimi nimesimama mlangoni na begi. Nakuambia, Mamdogo, mchele wa huku hauna mawe, unachagua nini? Hunitazami. Unasema, "Nakuchagulia pointi." Na kweli, nikiangalia, unazitenga kwa kidole, punje moja moja, na kila ukitenga unatikisa kichwa kwamba bado. Niliamka hujamaliza. Dirishani kulikuwa na ukungu mtupu, mataa ya basi yanapita ndani yake polepole, na kwa muda sikujua kama niko London au Tanga au njiani baina ya hizo mbili.

Najua tabia yako. Hapo ungekuwa umeshanikatiza: mwisho wake nini, Tatu, umepata hukupata? Hadithi zote ulitaka zianzie mkiani. Leo utanisubiri kidogo, kwa kuwa leo huna zamu ya kuwahi.

Ulipoondoka, ile viza yangu ya mtu aliyemaliza chuo ilikuwa inakaribia ukingoni. Ulijua, na mimi nilijua kwamba unajua, ila mezani tulikuwa hatuitaji. Baada ya msiba nikaenda kwa meneja wa hoteli ninayofanyia kazi, nikamwuliza kama wangeweza kunidhamini nibaki. Akaniambia sori. Akasema sori tena, akanisogezea na biskuti. Mama naye, kila nikipiga simu nyumbani ni neno lilelile: "Rudi, mwanangu, huko mmebaki kufa tu." Hakukusudia kuniumiza, unamjua dada yako, neno likimjia linatoka kabla hajalitazama. Lakini sikutaka kurudi nikiwa nimefukuzwa na tarehe. Kama ni kuondoka hapa nilitaka niondoke kwa miguu yangu, nikiwa na mahali pa kwenda.

Na mahali penyewe ulishanionyesha wewe. Unakumbuka ulivyoingia jikoni siku ile, hata koti hujavua, umeambiwa na yule Mkenya mwenzio wa kazini ambaye mdogo wake ameshakwenda? Ukasema kuna nchi inahesabu watu kwa pointi. "Kama ligi, Tatu. Ukifikisha sita, Mjerumani anakupa viza ya mwaka mzima uende kwake ukatafute kazi." Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Wewe hukucheka, ulisema washa kompyuta tuone.

Tukazisaka moja moja. Umri wangu ulitupa mbili, maana thelathini na tano bado sijaigusa. Kazi ya hoteli, tangu ile ya Dar baada ya shahada, ikatupa mbili nyingine. Kiingereza kikatupa moja, na hiyo uliishangilia kuliko zote, ukasema Kiingereza changu umekinenepesha wewe kwa wali wako. Zikawa tano. Tukakaa na tano zetu kama timu yetu ya Tanga inavyokaa katikati ya msimamo, haipandi haishuki, na kila ukirudi kazini unaniuliza kabla ya salamu, "Leo tuko na ngapi?" kana kwamba zinataga. Ya sita ilikuwa Kijerumani, na si cha kusalimiana tu, ngazi ya pili, na cheti juu. Ukasema, "Hiyo ni pointi ya ugenini. Ndizo tamu." Siku hiyohiyo ukanitafutia darasa la Jumamosi kule Tooting, ukawapigia simu mwenyewe, ukaniandikisha jina. Darasa lilipoanza tulikuwa tumeshakuzika.

Nilikwenda hivyohivyo. Nilikwenda kwa sababu ulishasema nitakwenda, na sikuwa na akili nyingine ya kutumia. Napanda basi, nakaa juu mbele kabisa ulipopenda kukaa wewe, nalala na macho wazi. Kila mwanamke mnene aliyebeba mifuko miwili kituoni ni wewe. Nainuka nikupishe kiti, basi linaondoka, nakuona unabaki chini unapungia mtu mwingine. Sikuogopa, wallahi. Nilikuwa naona ni njia yako ya kunisindikiza.

Darasa lenyewe, siku ya kwanza, mwalimu akaandika neno ubaoni akalisoma: Schule. Shule, Mamdogo. Shule ileile ya viboko na fagio. Nikasema kwa sauti, hilo letu, darasa zima likageuka. Kumbe tulilichukua kwao zamani wakati wametukalia, tukalifanya la kwetu, na mimi nimelibeba mpaka Tooting kuja kufundishwa. Nilitoa simu mfukoni nikupigie. Jina lako lilikuwa bado la kwanza kwenye orodha, nikalitazama, nikairudisha simu mfukoni.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo penyewe.

Mwalimu wetu anaitwa Anke, mama wa makamo, mkali kidogo, anagonga meza kwa kidole tukikosea. Jumamosi moja akatufundisha kuomba radhi. Akasema kwao kuna maneno mawili. La kwanza, Entschuldigung, ni pale umemkanyaga mtu, umechelewa, umevunja kikombe, unaomba uondolewe kosa. La pili, es tut mir leid, akalikata vipande ubaoni akatuonyesha asili yake: jambo hili linanitia uchungu. Akasema hata mwenye kosa hulitumia, lakini mtu akifiwa au akiugua, ukimwambia hilo, hujakiri kitu chochote. Uchungu wake umekufikia, basi. Nikaweka kalamu chini. Mamdogo, wana pole. Wale watu wana samahani na wana pole, na Mwingereza miaka yote hii alikupa neno moja la kufanyia kazi mbili, mpaka likakuponza.

Nikaikumbuka ile siku uliyorudi mchana, jua linawaka, na wewe zamu yako ilikuwa ya mpaka jioni. Ulikaa kwenye kiti cha kuyumba na mkoba begani. Bi Magreti, yule bibi wa Kiingereza wa pale kwenye nyumba yenu ya wazee, uliyekuwa unamchana nywele kila siku, alikuwa ameteleza kibarazani akitoka bustanini, na wewe uko ndani na toroli la chai. Ukakimbia, ukamshika, ukawa unamwambia sori, sori, sori mpenzi, sori. Msimamizi mgeni akafika, akasikia. Akakuuliza, sori ya nini, umefanya nini? Ukamjibu sori kwa sababu ameumia. Naye akaenda kueleza wakubwa kwamba mhudumu mwenyewe ameomba radhi. Wakakuambia ukae nyumbani kwanza, jambo lichunguzwe.

Sijawahi kukuona vile. Hukulia. Ulikuwa unaniuliza mimi, kama vile mimi ndiye niliyekitunga Kiingereza: "Yaani mtu aanguke mbele yangu, ninyamaze? Nimkodolee macho?" Na ukaniambia jambo ambalo kumbe lilikuwa linakukera tangu ufike nchi hii. "Nawaambia sori, wananijibu si kosa lako. Nani kasema kosa langu? Si waseme asante tu."

Aliyekuokoa ni Bi Magreti mwenyewe, mkono umefungwa bendeji, aliyewaambia kwamba huyu ananiambia sori hata nikipiga chafya, ananiambia sori mvua ikinyesha. Wakakurudisha kazini. Lakini meneja akakushauri lile neno uliache, ukiona mtu kaumia useme oh dia. Ukaja kufanya mazoezi jikoni. Nadondosha kijiko, oh dia. Najigonga kabatini, oh dia, na sauti umeibana puani. Tulicheka mpaka Bi Rukia wa mlango wa pili akaja kuuliza kuna harusi gani. Haikudumu. Nilijikata nikimenya kitunguu, ukasema oh dia, ukaitazama damu, ukalitupa taulo la vyombo huko. "Pole mwanangu, pole, pole. Oh dia ndio nini." Ukanishika kidole ukakipuliza kama cha mtoto.

Haya, mtihani.

Walitufanyia kwenye jengo moja refu katikati ya mji, vioo vitupu, na mawingu yanapita ndani ya vioo hivyo kiasi kwamba ukiyatazama sana unahisi jengo ndilo linalokwenda. Karatasi za kuandika nilizimaliza salama. Shida ilikuwa kuzungumza. Unaingia na mtahiniwa mwenzako, mimi nilipangwa na dada mmoja wa Kifilipino, nesi, na mbele yenu wamekaa watahini wawili, mama mmoja mzee mwenye miwani na bwana mmoja mwenye ndevu za kijivu. Nilipokaa nilijiambia, hii ndiyo ya sita. Nikiikosa hii, tano zile hazina kazi, ni kurudi tu. Kila nilichojifunza kikanitoka kama maji kwenye chujio.

Nikapewa kadi yenye swali: wikiendi unafanya nini? Jibu nilikuwa nalo, nimelikariri kwenye basi wiki nzima. Naogelea, nakutana na marafiki, napika keki. Uwongo mtupu, mimi na kuogelea wapi na wapi, lakini vitenzi vyake vilikuwa vyepesi. Nikafungua kinywa, keki ikakataa kutoka. Mwenye ndevu akanitazama, akatazama saa. Yule mama akainuka kufunga dirisha maana upepo ulikuwa unapeperusha kadi, na alipokuwa anarudi kukaa akajigonga goti kwenye kona ya meza. Ukisikia goti, ni goti. Hata mimi liliniuma.

Sikufikiri. Limetoka lenyewe: "Es tut mir leid."

Nikasubiri. Nilijua kinachofuata, nimekiishi hapa miaka. Atasema si kosa lako. Yule mama akalisugua goti lake, akanitazama juu ya miwani, akasema, "Danke."

Asante. Amesema asante, Mamdogo. Nimempa pole akaipokea, kama watu wazima wawili waliokutana sokoni Ngamiani. Sijui ni Kijerumani gani nilichokizungumza baada ya hapo, ila nilisema kweli. Nikasema Jumamosi naenda darasani, na Jumapili naenda kumtembelea mama yangu mdogo. Sasa neno la mamdogo hawana, wao dada wa mama na dada wa baba wote ni mmoja tu, na mimi sikutaka kukuchanganya na mashangazi. Nikatafsiri hivyohivyo, mama mdogo. Mwenye ndevu akaniuliza kwa upole, kumbe ni mfupi sana? Nikajibu hapana, ni mnene. Akauliza, anafanya kazi gani? Nikatafuta neno la marehemu, silijui, hatujafika huko, hilo labda ni la ngazi ya tatu. Nikasema alikuwa anatunza wazee, sasa anapumzika. Akauliza, mnafanya nini mkikutana? Nikasema mimi nazungumza, yeye anasikiliza. Yule mama mwenye miwani akaacha kuandika. Nadhani yeye alielewa.

Majibu yaliletwa kwa imeili, nami niko kazini mapokezi, mgeni amesimama mbele yangu analalamikia mito. Nikayasoma chini ya kaunta huku nikisema sori, sori, kila anapovuta pumzi. Nimefaulu. Kuandika si haba, kusikiliza nusura nianguke, kuzungumza ndiko kulikonibeba. Yule mgeni nikampelekea mito minne, akashangaa.

Sitakuchosha na habari za ubalozi, foleni ni foleni. Yule binti wa dirishani, baada ya kunichukua alama za vidole, aliniuliza kwa nini nataka kwenda Hamburg. Nikamwambia kuna hoteli nyingi, nami kazi yangu ni hoteli. Hilo ni kweli. Lingine nililibakisha moyoni, kwamba nataka kuishi mahali ambapo mtu akijigonga naweza kumwambia kitu akanielewa. Ungenipiga kikumbo kama ungekuwepo, ungesema sema hilo, hilo ndilo lenye pointi.

Basi mkia wenyewe ndio huu: zimetimia, Mamdogo. Sita. Viza imeshabandikwa kwenye pasipoti, ya mwaka mmoja, ya kutafuta kazi. Ndani ya mwaka huo nipate, au nirudi. Na Jumatano naondoka.

Nilidhani siku hii nikifika nitaruka. Nilimpigia Mama, nikamwambia, akashukuru, akasema Mungu mkubwa. Nyuma yake nikawa nasikia kuku na mlango wa jirani. Akasema, "Sasa utamwacha mdogo wangu na nani, huko baridini?"

Hilo ndilo nililokuwa nalipita pembeni miezi yote, nahesabu pointi ili nisilihesabu. Kwamba kule makaburini, kwenye ule mstari wetu wa Waislamu kando ya uzio, jirani zako wote wana watoto wa kuja kuwang'olea magugu, na wako ni mimi. Nikishavuka, hata kuja kukusomea Fatiha itabidi niombe viza ya kutembea, niwaeleze watu dirishani namtembelea nani na anaishi anwani gani. Nikakaa na simu sikioni, Mama naye hakati.

Bi Rukia alikuwepo. Alikuja kunisaidia kufunga vyombo, na sauti ya Mama ilikuwa inatoka kwenye simu kama iko chumbani. Akapangusa mikono, akaichukua simu, hata ruhusa hakuomba. "Dada, mie Rukia, Mpemba, jirani yake. Mdogo wako nimemwosha kwa mikono yangu mie na mwanao. Nna mazungumzo nae hatujayamaliza, kila wiki n'takwenda. Mwache mtoto ende." Mama akaanza kulia, na yeye akalia, kisha sijui ikawaje nikasikia wanaulizana namna ya kupika boko boko. Walikaa kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Ile ya "hatujayamaliza" ni kweli, nilishawahi kumkuta kule peke yake, amekaa kwenye mfuko wa plastiki, anakulalamikia habari ya basi lililompita.

Kiti chako cha kuyumba nimempa yeye. Sinia nimempa pia. Yunifomu nilitaka kuirudisha kazini kwako, nikashindwa, iko ndani ya begi langu chini kabisa, imezungushiwa ile kanga. Wajerumani wakinifungulia begi watajionea.

Leo asubuhi nimekuja kukuaga. Kulikuwa na ukungu tena, wa kushuka mpaka magotini, mawe yote yanaelea, na mimi nilitembea katikati yake nikiwa sina uhakika kama nimeamka. Nimekung'olea magugu. Nimekusomea. Halafu nilikaa, kwa sababu kuna deni la maneno baina yetu na sikutaka kuondoka nalo kimyakimya.

Mchana ule wa mwisho hospitali. Nesi alikuwa amekutafuta mshipa mara nyingi hakuupata, ukamwambia pole, kwa Kiswahili, huyo nesi, na jasho linakutoka wewe. Akatoka. Jua likaingia kwenye pazia, likakuweka mistari usoni. Nilidhani umelala. Ukafumbua macho, ukanitazama muda mrefu, kama unanichagua kwenye sinia, ukasema, "Pole, mwanangu."

Sikuelewa. Mgonjwa ni wewe, pole ni yangu kukupa wewe. Nilikushika mkono, kinywa hakikufunguka, nawe ukafumba macho, na hayo ndiyo yakawa maneno yako ya mwisho. Nilikuja kuelewa baadaye, nimesimama barabarani na mfuko wako wa nguo. Ulikuwa unanipa pole ya msiba wako mwenyewe. Uliona hakuna mtu mwingine karibu wa kunipa mapema, ukanipa wewe.

Pole ina majibu yake, na wewe ndiye uliyenifundisha nikiwa na kimo cha meza. Unasema asante, kisha unasema nishapoa. Baada ya mazishi watu wamekuja, wamepiga simu, kutoka Walthamstow mpaka Tanga, pole na msiba, pole na msiba, na wote nimewajibu asante, nishapoa, nishapoa, bila hata kusikia ninachosema. Ya kwako tu ndiyo haijajibiwa. Leo nimejaribu. Nimeinama karibu kabisa na udongo nikataka kusema nishapoa, ikakataa kutoka, kama ile keki. Kwa sababu si kweli, na uwongo kwako sikuwahi kuuweza.

Kwa hiyo tuahidiane hivi. Nakwenda. Nitatafuta kazi, nitaipata, na wageni wakijigonga nitawapa pole yao kama inavyotakiwa. Na siku nitakapoamka nikaona kweli nimepoa, nitaomba hiyo viza ya kutembea, wakininyima nitaomba tena, nitakuja mpaka hapa nikuambie kwa kinywa changu. Nikichelewa usihesabu, ujue tu bado. Jibu hilo la pili ni la siku hiyo.

La kwanza naweza kukupa sasa.

Asante, Mamdogo.

Mwanao,
Tatu